Goti Halina Muda wa Kuuliza

Sauti naikumbuka kuliko maumivu. "Ta!" Kama kijiti kikavu kinachovunjwa kuwashia jiko. Ilikuwa mwaka 2003, niko kidato cha tatu, mashindano ya shule ngazi ya wilaya, mpira wa pete, robo ya tatu. Nilikuwa nacheza senta. Pasi ilikuja juu kidogo upande wa kulia, nikaruka, nikaidaka kwa mikono miwili, na nikiwa bado hewani nikamwona mfungaji wetu amemtoroka mlinzi wake. Mguu wa kushoto ulitangulia kufika chini. Kifua kilishageukia goli, mguu ukabaki palepale kwenye vumbi kana kwamba umepigiliwa msumari, na goti, lililokuwa katikati ya hivyo viwili, likaingia ndani.

Hakuna aliyenigusa. Hilo ndilo lililowashangaza watu. Wenzangu walinizunguka wakiuliza nani amenisukuma, na refa alikuja mbio akiwa na uso wa mtu aliyepitwa na rafu. Rafu haikuwepo. Mpira wenyewe nilikuwa bado nimeukumbatia.

Kabla ya magharibi goti lilikuwa limevimba kama dafu. Nikakandwa kwa maji ya moto na chumvi, nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyesifika kwa kuchua, kisha hospitali moja ambako walinipiga eksirei wakasema mfupa ni mzima, nipumzike wiki tatu. Mfupa ulikuwa mzima kweli. Kilichokatika ni kano, ile inayopita kwa mshazari katikati ya goti na kuuzuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele. Kano haionekani kwenye eksirei. Hilo nililijua nikiwa na miaka ishirini na saba.

Mwalimu wetu wa michezo, mtu aliyetupenda kwa moyo wake wote, alikuja nyumbani kunipa pole. Akakaa kwenye mkeka, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pumzi ilikuwa imekata. Mwakani tutaongeza mizunguko." Nikaamini. Kwa miaka kumi niliamini kwamba goti langu lilikatika kwa sababu sikukimbia vya kutosha.

Sasa mwalimu wa michezo ni mimi, hapa Morogoro. Mabinti kama thelathini wananisubiri uwanjani kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, na kwenye viwanja vya wenzangu bado naisikia sentensi ile ile niliyoambiwa mkekani. Ndiyo maana naandika.

Muulize kocha yeyote wa mtaani mchezaji fiti ni yupi. Atakwambia: mwenye pumzi. Ukimwacha aendelee ataongeza: mwenye nguvu. Basi mazoezi yanakuwa mizunguko kumi ya uwanja, mlima mara moja kwa wiki, pushapu, na mechi ya wenyewe kwa wenyewe mpaka giza liingie. Sina ugomvi na pumzi. Mpira wa pete una robo nne za dakika 15, na asiye na pumzi utamjua robo ya tatu akianza kushika kiuno. Sina ugomvi na nguvu pia. Lakini kuna kitu cha tatu kinachoviunganisha hivyo viwili, na kwa sababu hakionekani wala hakitoi jasho, hatukifundishi. Ni mazungumzo kati ya mishipa ya fahamu na misuli.

Misuli yenyewe haijui kitu. Inaambiwa. Ndani ya uti wa mgongo kuna seli za fahamu, na kila seli moja imekabidhiwa fungu lake la nyuzi za misuli. Kwenye misuli midogo inayozungusha jicho, fungu lina nyuzi chache tu. Kwenye misuli mikubwa ya mguu, seli moja inaweza kuamrisha nyuzi zaidi ya elfu. Ukitaka nguvu kidogo, mafungu madogo ndiyo yanayoitwa kazini. Ukitaka nguvu nyingi, makubwa yanafuata. Mtu asiyefundishwa ana mafungu mengi ambayo hayaitiki vizuri, au yanaitika yamechelewa, au yanaitika huku misuli ya upande wa pili nayo inavuta, kama watu wawili wanaogombea kamba moja. Mwaka 1979 watafiti wawili, Moritani na deVries, walionyesha kwamba nguvu anayoipata mtu katika wiki za mwanzo za mazoezi inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kuliko na misuli kunenepa. Hilo nimeliona kwa futi kamba ya fundi cherehani: binti anaanza kuchuchumaa na mwenzake mgongoni, jambo lililomshinda mwezi uliopita, na paja lake ukilipima halijaongezeka hata nusu sentimita.

Halafu kuna hisia nyingine ambayo watu wengi hawajui kwamba wanayo. Umeme ukikatika katikati ya chakula cha usiku, tonge linaendelea kufika mdomoni. Hulioni, wala hupapasi uso wako kutafuta mdomo uko wapi. Ndani ya misuli, kano na viungo kuna vipokezi vinavyoutumia ubongo habari kila wakati: goti limekunjwa kiasi hiki, kifundo kimelala upande huu, misuli hii inavutwa haraka mno. Ile kano iliyokatika gotini mwangu nayo ilikuwa na vipokezi hivyo. Ilipokatika sikupoteza kamba tu, nilipoteza na mjumbe.

Mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye aliyenifungua macho, mwaka 2013, nilipokwenda kwake nikiwa nimechoka na goti linalokwepa kila nikishuka ngazi. Hakuligusa kwanza. Aliniambia nisimame kwa mguu wa kulia na kufumba macho. Nikasimama, nikahesabu hadi ishirini. Akasema haya, wa kushoto. Sikufika sita, nilishika ukuta. Akaniambia, "Dada, mguu huu una nguvu ya kutosha. Umesahau tu uko wapi." Nililia pale pale, na sikuona aibu. Miaka kumi nilikuwa nimeupa mguu ule mizunguko na vilima, na kumbe ulichohitaji ni kufundishwa upya kusimama.

Jambo moja ndilo lililobadilisha kabisa ufundishaji wangu, nalo ni suala la muda. Watafiti waliochunguza picha za video za wanamichezo wakiumia goti bila kuguswa, wengi wao wachezaji wa mpira wa mikono na wa kikapu, waliona kwamba kano inakatika karibu sehemu 40 za elfu moja za sekunde baada ya unyayo kugusa chini. Kufumba na kufumbua jicho ni kurefu kuliko hapo. Habari inayotoka gotini hadi uti wa mgongo na kurudi kwenye misuli inachukua muda kama huohuo kwa safari peke yake, kisha misuli nayo inataka muda wake kukaza. Kwa hiyo, mguu ukishagusa chini umekosea, hakuna tena wa kuuokoa. Goti halina muda wa kuuliza. Misuli ya nyuma ya paja na ya nyonga inatakiwa iwe imeshaanza kukaza wakati mchezaji bado yuko hewani, na hilo haliji kwa kukumbuka, linakuja kwa kurudia mpaka liwe tabia.

Sasa angalia mchezo wetu. Mpira wa pete unamlazimisha mchezaji kutua. Kwenye soka ukidaka kasi unaendelea nayo. Kwenye pete ukishika mpira ukiwa hewani, mguu uliotangulia kutua hauruhusiwi kuinuliwa na kurudishwa chini kabla hujautoa mpira, na una sekunde 3 tu za kuutoa. Kila pasi ni breki ya ghafla. Binti anaweza kutua hivyo makumi ya mara katika mechi moja, mara nyingi kwa mguu mmoja, mara nyingi akiwa anageuka. Na ni mchezo ambao kwa miaka mingi tumewapa wasichana. Katika michezo ambayo wasichana na wavulana wote wanacheza, kama soka na kikapu, wasichana wanakatika kano ile mara mbili au zaidi ya wavulana. Sababu ni nyingi na nyingine bado zinabishaniwa, lakini mojawapo iko wazi kwa yeyote anayefundisha watoto wa rika hili: mvulana akibalehe misuli na kasi vinakuja pamoja na urefu, msichana urefu na uzito vinakuja na nguvu ya kuvimiliki haiji kwa kiwango kilekile. Inabidi afundishwe.

Ninaye mlinzi wa goli mmoja. Alikwenda likizo ya Desemba akiwa mtoto wa kawaida, akarudi Januari sketi imempanda vidole vinne. Miguu ilikuwa mipya na mwenyewe alikuwa bado anaitumia kama ya zamani. Alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti cha darasa. Mwezi wa pili nilipomwambia asimame kwa mguu mmoja hakumaliza sekunde tano, wenzake wakacheka, akaenda kukaa chini ya mwembe. Nilimfuata. "Madam, mimi mwili wangu ni mbovu," akaniambia. Nikamwonyesha kovu la goti langu nikamwambia mwili wake si mbovu, umehamia nyumba mpya na bado haujajua swichi ziko wapi.

Hapa niseme kitu kuhusu kuruka kichura, kwa sababu nimekibeba muda mrefu.

Kila aliyesoma shule zetu anakijua. Umechelewa namba, umepiga kelele, umekosa goli la wazi: chuchumaa, mikono masikioni, ruka mpaka kwenye ile nguzo na kurudi. Wengi wetu tunaamini kwamba hata kama ni adhabu, inajenga miguu. Ukiitazama kwa mbali inafanana kweli na mazoezi ninayoyasifu hapa: kuchuchumaa, kuruka, kutua. Lakini keti chini utazame magoti ya mtoto kuanzia ruko la kumi na tano. Nyonga zimechoka, magoti yanaanza kugongana, visigino vinakuja juu, mgongo unapinda, na kila kutua kunakuwa kishindo. Mwalimu anahesabu arobaini. Mishipa ya fahamu nayo imehesabu arobaini, ila yenyewe imehesabu namna, haikuhesabu idadi. Haijui kwamba ile ilikuwa adhabu. Inajifunza unachokirudia, na tumemfanya mtoto arudie mara arobaini kutua vibaya akiwa amechoka, kisha Jumamosi tunampeleka kwenye mechi tunategemea atatua vizuri akiwa amechoka.

Na kuna la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mtoto amefundishwa kwamba kuruka ni aibu. Mtoto huyuhuyu akiwa na miaka saba alikuwa anaruka kamba jioni nzima bila kuambiwa, anaruka vyumba vilivyochorwa mchangani kwa mguu mmoja, anakwepa mpira wa rede kwa kugeuka hewani. Ile michezo ndiyo mazoezi bora kabisa ya neva na misuli ambayo mtoto anaweza kupata, na tulikuwa nayo bure uwanjani kwetu. Akiingia sekondari tunaiita ya kitoto, tunamnyima, kisha tunamrudishia kuruka kama kiboko. Nilishafuta kichura kwenye timu yangu. Anayechelewa anafuta mistari ya uwanja na kuichora upya kwa majivu. Kazi inafanyika na magoti yanabaki salama.

Wapo wanaouliza kama haya yamepimwa au ni maneno ya wataalamu wa ng'ambo. Yamepimwa, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Norwei walikuwa na programu ya kwanza ya dakika chache kwa wasichana wanaocheza soka, wakaijaribu kwa wachezaji zaidi ya 2,000. Haikuleta tofauti yoyote. Walipochimba wakakuta sehemu ya sababu ni kwamba timu nyingi hazikuifanya. Makocha walichukua karatasi wakaiweka. Wakaitengeneza upya, wakaongeza mbio, ngazi za ugumu na mazoezi ya wawili wawili, ikawa ile inayojulikana kama FIFA 11+: mazoezi 15, dakika kama 20, hayataki kifaa isipokuwa mpira. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008, kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, yalionyesha majeraha yamepungua karibu theluthi moja na yale mabaya zaidi karibu nusu.

Tafiti ninayoipenda zaidi lakini si ya Norwei, ni ya Lagos, Nigeria. Wavulana 416 wa miaka 14 hadi 19, timu 20 za ligi ya vijana, matokeo yalichapishwa 2014. Waliopasha misuli kwa programu ile waliumia pungufu kwa asilimia 41, na kwa majeraha ya miguu pekee asilimia 48. Naipenda kwa sababu inajibu hoja ninayoisikia kila semina: "Hayo ni ya wenye nyasi na gym, mwalimu." Lagos ni Afrika, na vijana wale walikuwa na mpira na dakika ishirini. Dakika ishirini tunazo. Tunazitumia kusubiri waliochelewa.

Kuumia ni nusu ya habari. Upande wa utimamu wenyewe, mizani ya mwili na uwezo wa kuruka ndivyo vinavyobadilika mapema na kwa wazi. Mbio fupi na kugeuka ghafla vinabadilika, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Pumzi karibu haiguswi, na asikudanganye mtu.

Ingawa hapo kwenye pumzi nina la kuongeza, maana watu wa mizunguko hoja yao kubwa ni majirani zetu. "Mbona Wakenya wanakimbia tu, na dunia nzima inawafuata nyuma?" Hawakimbii tu. Iten, kule juu karibu mita 2,400, Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika shule ya St Patrick's mwaka 1976, alijulikana kwa kuwafundisha vijana kwanza namna ya kukimbia: kuinua goti, kuruka-ruka kwa mdundo, mikono isikaze, mguu ugonge chini na kuondoka. David Rudisha alipita mikononi mwake, yule aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Ukiangalia picha za mbio ile, tazama kichwa chake. Hakichezi.

Na Wafini mwaka 1999 walilipima jambo hili kwa namna iliyonifurahisha. Waliwachukua wakimbiaji wazuri wa masafa, wakawapunguzia kilomita, karibu theluthi moja ya muda wa mazoezi wakaibadili kuwa mbio fupi za kasi, kuruka, na uzito mwepesi unaosukumwa haraka. Baada ya wiki 9 muda wao wa kilomita 5 ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 3. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia, ile tunayoiita pumzi, hakikupanda. Walikuwa na tangi lilelile la mafuta na gari lilianza kula kidogo.

Ukitaka kuelewa kwa nini, kumbuka manati. Ukivuta mpira wa manati na kuachia papo hapo, jiwe linakwenda. Ukivuta kidogo kidogo na mkono unatetemeka, jiwe linaanguka miguuni. Kano ya kisigino ni mpira wa manati: unapotua inavutwa, unapoondoka inarudisha, bure, bila misuli kulipa sana. Lakini ili ifanye hivyo lazima misuli ya kigimbi iwe imeshaishika imara kabla ya kugusa chini. Ikilegea, nguvu yote inamezwa na ardhi. Tunarudi palepale: kujiandaa hewani.

Basi jioni yetu inakwenda hivi. Hatuanzi na mizunguko. Wanakimbia taratibu kuvuka uwanja, wanarudi kinyumenyume, wanakwenda kiubavu, wanainua magoti, wanakutana wawili wawili na kugongana mabega hewani. Kisha mguu mmoja, mpira wa kurushiana, na anayerusha ana ruhusa ya kurusha vibaya. Kisha kukaa kwenye kigoda kisichokuwepo. Neno hili limenisaidia kuliko maelezo yote: nikisema "kunja magoti" magoti yanakwenda mbele na visigino vinanyanyuka, nikisema "tafuta kigoda cha bibi" makalio yanarudi nyuma yenyewe, kifua kinakaa, magoti yanatulia juu ya vidole. Kila binti ameshakaa kwenye kigoda akichambua mchele. Mwili tayari unajua.

Halafu lile la misuli ya nyuma ya paja. Unapiga magoti kwenye kanga iliyokunjwa, mwenzako anashika vifundo vyako, unashuka mbele polepole kama mlango unaofungwa na mtoto anayeogopa kumwamsha baba. Linauma siku ya pili, nawaambia kabisa. Tunaanza na mara tatu tu. Ni moja ya mazoezi machache ambayo utafiti wake umerudiwa nchi mbalimbali na kukuta majeraha ya misuli ile yamepungua kama nusu.

Mwisho ndiyo kutua. Tunaruka mmoja mmoja kutoka kwenye mstari wa majivu, tunatua, tunaganda hesabu ya tatu. Wanaosubiri zamu nawaambia wafumbe macho wasikilize. Mara ya kwanza walidhani ni mchezo. Sasa wanaweza kukwambia aliyetua ametua kwa kisigino au kwa unyayo wa mbele, kwa mguu mmoja au miwili, na wakati mwingine hata jina lake. Kutua kubaya kuna sauti ya gunia. Kutua kuzuri ni vumbi tu linalohama. Anayetua kimya wanamwambia "paka", na sijawahi kuona sifa inayotafutwa kwa bidii kama hiyo. Wakishakuwa paka kwa miguu miwili, tunakwenda mguu mmoja. Kisha wanatua wakidaka. Kisha mwenzao anawagusa bega wakiwa hewani. Wengine wanacheza pekupeku na wengine na raba za kaka zao, na sijaona kwamba hilo linazuia chochote, mradi uwanja umeokotwa mawe.

Binti akianza kutua kwa kishindo, namtoa. Haijalishi ni ruko la tatu au la kumi. Nimekataa kabisa kuhesabu marudio mabaya. Mwanzoni wazazi wawili walinijia wakisema watoto wanarudi nyumbani hawajachoka, je, kweli wanafanya mazoezi? Niliwaonyesha ukuta wa bohari.

Ukuta huo ni kipimo chetu. Mwanzoni mwa muhula kila mmoja anasimama ubavu kwa ukuta, anapaka vidole chaki, anaruka na kugusa. Tunaandika herufi yake ya kwanza pembeni ya alama. Baada ya wiki kumi anaruka tena. Mwaka huu karibu wote walipita alama yao, wengi kwa upana wa vidole viwili au vitatu. Timu moja ya shule si utafiti, na watoto wa umri huu wanakua hata wakilala. Lakini wapo wanne waliosimamisha mazoezi mwezi mzima kwa sababu mbalimbali, na alama zao zilibaki karibu palepale. Nawaambia wenzangu pia kwamba jambo hili halihifadhiki, ukiacha, linafifia. Mara mbili au tatu kwa wiki, msimu mzima. Na halimlindi mtoto aliyelala saa nne akaamka saa kumi alfajiri, wala anayecheza mechi tatu kwa siku mbili kwa sababu ratiba ilibanwa.

Mlinzi wangu wa goli alikuwa mmoja wa waliochelewa kuwa paka. Machi yote aliendelea kuwa gunia. Nilimpa kazi ya nyumbani: asimame kwa mguu mmoja kila anapopiga mswaki, asubuhi wa kulia, usiku wa kushoto, na akizoea afumbe macho. Mama yake alinipigia kuuliza kama mtoto ana tatizo. Aprili akaanza kuniuliza mwenyewe, "Madam, umesikia?" Na mimi nikawa nasema ukweli, "Hapana, sijasikia kitu."

Mwezi Mei tulicheza na shule moja ya jirani, uwanja mgumu wa changarawe. Robo ya nne, tuko nyuma kwa magoli mawili. Mfungaji wao alipigiwa pasi ya juu, na binti yangu akatoka nyuma yake, akaruka na kuupangua mpira, akaudaka, na bega la mwenzake likampiga ubavuni akiwa hewani. Nilisimama. Aliteremka kwa mguu wa kushoto, kifua kimegeukia upande mwingine kabisa, mkao uleule. Makalio yakarudi nyuma. Goti likakunjika, likatikisika mara moja, likabaki juu ya vidole. Akageuka kwa unyayo, akatafuta senta, akatoa mpira.

Tulifungwa siku ile. Hakuna aliyepiga makofi kwa ajili ya kile alichokifanya. Macho ya watu yalikuwa yameshaufuata mpira. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya mstari, mkono umeshika goti langu la kushoto, na sikumbuki niliuweka pale saa ngapi.